Mluzi wa Bi Siwema

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu wanangu maana mimi sipendi kupayuka, paliishi pimbi mjane, Bi Siwema, juu ya kilima cha mawe pamoja na wanawe wanne. Pimbi mnamjua, kikapu kimoja humtosha. Lakini macho yake! Akiona hatari hupiga mluzi, kwiii! Bonde zima linasikia.

Mashariki ya kilima alitawala Mfalme Simba. Magharibi alikaa Chui, aliyeasi akiutaka ufalme.

Asubuhi moja Bi Siwema akikoroga uji, tu! tu! tu! Simba huyo.

"Shikamoo, mfalme."

"Marahaba. Mimi ndiye mlinzi wenu. Chui akipita, nipigie mluzi. Usipopiga, nitawala wanao."

Simba hajafika mbali, Chui naye huyu hapa, ananyata.

"Mama, mimi nawapigania wanyonge kama wewe. Simba akija, nipigie mluzi. Ukimpigia yeye, wanao nitawatafuna."

Lo! Wote wanampenda, na wote watamlia watoto! Bi Siwema akalia, machozi yakadondokea kwenye uji. Kisha akajifuta, akashuka kilimani.

"Mfalme," akamwambia Simba, "Chui anapenya kwenye nyasi zako. Ndefu mno! Nitamwonaje?"

Simba akazing'oa zote, ng'wa! ng'wa! mpaka makucha yakamuuma.

Bi Siwema akaenda kwa Chui. "Baba, askari wa Simba wanajibanza kwenye vichaka vyako. Nitawaonaje?"

Chui akafyeka, fya! fya! fya! Magharibi ikabaki vumbi tupu.

Siku ya tatu, jua la utosini, kila mmoja akatoka kumvizia mwenzake. Kuvizia wapi, jamani? Pa kujificha hapana!

Kwiii!

Swala wakageuka. Ngiri wakageuka. Wakamwona mfalme anatambaa kwa tumbo peupe, na Chui vilevile upande wa pili. Watoto wanne, fyu! wakaingia pangoni.

"Umempigia nani?" Simba akanguruma.

"Nimewapigia nyote wawili. Tunawaona."

Wanangu, mwili unanisisimka hata sasa! Wakubwa wale walikula kwa kuvizia, na maficho yao wameyang'oa kwa mikono yao wenyewe, kwa maneno ya mama wa kuingia kikapuni. Njaa ikawahamisha wote wawili, na Bi Siwema akarudi kwenye uji wake.

Basi, anayetaka msaada wa mnyonge asianze kwa kumtishia watoto.