Mungu Aliyeshika Kata

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Juu, juu, juu zaidi, hata shingo ikauma!

Basi tegeni masikio. Huko juu palikuwa na sayari iitwayo Ukavuni. Mvua yake hunyesha mara moja kila miaka saba. Kwa hiyo wanyama wa huko walikuwa na birika moja tu la maji, na desturi moja tu: mwenye kushika kata ya kuchotea hunywa mwisho.

Siku moja, ngurrrr! Chombo cha anga kikashuka. Puu! Mlango ukafunguka, likatoka tumbo. Nyuma ya tumbo akatoka Kiboko.

Kiboko huyu alikuwa mwizi wa maji. Alikwenda sayari ya kwanza, akasema, "Mimi ndiye mungu wenu." Wakasujudu, akanywa, akapakia, akaondoka. Akaenda ya pili. Wakasujudu, akanywa, akapakia, akaondoka. Akaenda ya tatu. Nyuma yake vumbi tupu.

"Enyi wana wa Ukavuni!" akanguruma. "Mimi ndiye mungu wenu! Nalitaka birika lote!"

Mzee Kobe, kuhani wao, akaanguka kifudifudi. Wengine nao, tii! tii! tii! Mvua ilikuwa bado miaka minne. Birika likienda, watoto wao watakufa.

Akabaki amesimama Pimbi, mfagiaji wa hekalu, na ufagio wake mkononi.

"Bwana mkubwa, kweli ndiwe?"

"Ndimi!"

"Si mjumbe wake? Si binamu yake?"

"Ndimi mwenyewe, we kijinyama!"

"Hebu apa."

Akaapa mara tatu, mate yakaruka pwaa!

Pimbi akapiga kigelegele. "Jamani, amekuja! Bwana wetu, tumekungoja miaka elfu. Karibu kazini."

"Kazi gani tena?"

"Ya kugawa! Kata hii hapa. Na mwenye kushika kata hunywa mwisho. Au mungu hajui desturi aliyotupa mwenyewe?"

Wanyama wakainua vichwa, wakamtazama. Kiboko akaipokea kata, akaelekea birikani.

"La, hayo ni ya jana," Pimbi akasema. "Mungu huja na yake."

Kiboko akawaza: vinyama hivi vitakunywa nini? Nikimaliza, birika lote langu. Akafungua matangi ya chombo chake.

Chubwi! Akamnywesha Digidigi. "Umekata kiu?"

"Bado!"

Chubwi! Akamnywesha Nyani. "Umekata kiu?"

"Bado! Nijazie na kibuyu."

Wakaja siafu. Siafu akinywa, huyoo, nyuma ya mstari. Chubwi! "Bado!" Chubwi! "Bado!" Jua likamchoma Kiboko, ngozi ikapasuka, tatata!

"Basi!" akalia. "Mimi si mungu! Mimi mwizi tu!"

Pimbi akainua ufagio.

"Mnamsikia? Imeandikwa: siku ya kugawa, mungu atajikana ili apime imani yetu. Tumwamini anapojikana?"

"Hatumwamini!" wakaitika. "Ndiwe! Ndiwe! Gawa!"

Akagawa. Akagawa mpaka matangi yakalia kwaa, makavu. Ndipo Pimbi akamchotea kata moja ya birikani. Kiboko akanywa, glu, akajikokota chomboni. Ngurrrr! Hakuonekana tena.

Mzee Kobe akajipangusa vumbi. "Mwanangu, hayo yameandikwa sura gani? Nimesoma miaka arobaini, sijayaona."

"Naenda kuyaandika sasa hivi, mzee wangu."

Akayaandika. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Leo Ukavuni kuna mahekalu mawili. Moja lasema Kiboko alishika kata kwa mkono wa kulia. Jingine lasema, wa kushoto. Waumini wanang'oana meno. Siku moja Pimbi akawaambia, "Jamani, yule alikuwa mwizi, nilikuwepo!" Siku hiyo mahekalu yote mawili yakapatana kwa mara ya kwanza: yakamfukuza.

Nami pumzi imekwisha. Palipo patamu, lambeni. Palipo pachungu, nitameza mwenyewe. Na funzo lake, watoto wema, ni hili: akishuka mkubwa kutoka juu, tumbo limemtangulia, msiulize kitu. Aminini tu. Wanaouliza huokoa watu, kisha hulala nje.