Vipepeo Wanywao Udongo

Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika kiangazi kilichokausha hata machozi, palikuwa na binti mwenye wasiwasi aitwaye Mbeyu. Akifunga mlango, hurudi kuutikisa. Akionja mchuzi, huonja tena. Wenzake walimcheka, wakamwita Bi Hakika.

Kisima cha kijiji kikakauka. Wazee wakaamua kuhama siku ile ile, jua likipoa, na asiyeweza kutembea aachiwe kibuyu cha maji. Bibi yake Mbeyu, aliyemlea, miguu ilikuwa imemkataa.

“Mjukuu wangu,” bibi akasema, “sisi zamani tulifuata vipepeo, tukapata maji. Ila sikumbuki ni vipepeo gani.”

Mbeyu akatwaa jembe, akaingia porini. Akakuta vipepeo wa manjano wamejaa mauani. Akainama, akatazama, akatazama tena, akaimba:

“Kipepeo, kipepeo, wanywa nini?”

“Twanywa asali ya ua. Pita, mwana.”

Akapita. Akakuta weusi juu ya tini zilizooza. Akainama, akatazama, akatazama tena, akaimba:

“Kipepeo, kipepeo, wanywa nini?”

“Twanywa togwa ya tunda. Pita, mwana.”

Kinyonga akacheka tawini. “Bi Hakika, wenzako wanafunga mizigo, wewe wakagua wadudu. Hata mimi nakushinda mbio.”

Mbeyu akamjibu kwamba mwenye macho ya kuzunguka kote angekuwa ameshayaona maji. Kinyonga akageuka rangi.

Akafika kwenye mkondo mkavu. Hapo palikuwa na vipepeo weupe, wametulia mchangani kama dagaa walioanikwa. Hapana ua, hapana tunda. Akainama, akatazama, akatazama tena, akaimba:

“Kipepeo, kipepeo, wanywa nini?”

“Twanywa udongo. Keti, mwana.”

Akagusa mchanga. Ulikuwa wa baridi. Akachimba, vumbi. Akachimba, vumbi. Akachimba, tope, na tope likaanza kulia maji.

Alipofika kijijini, mizigo ilikuwa tayari vichwani. Akawaambia maji yapo chini ya mkondo mkavu. Mzee Ngowa akamuuliza, “Una hakika?”

Mbeyu alizoea kusema, ngoja nikatazame tena. Safari hii akainua mikono yake, tope hadi viwikoni.

“Nina hakika.”

Mizigo ikatuliwa. Bibi akabebwa mbele ya wote, akanywa wa kwanza. Kinyonga alifika siku ya tatu, na maji yalikuwapo bado.

Tangu hapo, Bi Hakika akija kwenye kisima kile cha mkondoni, watu humpisha.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa maji. Mwenye kiu na achote.