Kibao cha Mama Ngare

Ko! Nyundo moja ililia usiku, na asubuhi kikundi cha watembea kwa miguu kikakuta tajiri Chirongo ameziba njia yao ya mlimani kwa mabati.

Wakaenda kwa chifu, naye akafuatana nao hadi kwenye mabati, aliposimama Chirongo.

"Njia iliyopitwa miaka thelathini haizibwi," alisema chifu. "Leteni shahidi asiye wa kikundi."

"Hatuna," alisema katibu wao, Bi Mwanatumu.

"Hapakuwa na njia," alicheka Chirongo. "Palipita mbuzi tu." Huyu alijigamba kwamba amelelewa ghorofani mjini, wala hakuwahi kumtaja mama yake.

Bi Mwanatumu akatoa kibao, akakielekeza kwake mwenyewe kana kwamba anakisoma. "Basi umetushinda, Bwana Mkubwa. Turuhusu tu tuache kibao hiki cha ukumbusho: 'Hapa alipita Mama Ngare, muuza mihogo hodari kuliko wote.'"

Chirongo akaruka. Ngare alikuwa mshindani wake wa biashara.

"Mama yake Ngare? Yule alibebwa kwa mkokoteni!"

"Wanasema alipita kila alfajiri, karai kichwani."

"Uongo mtupu!"

"Wewe wa ghorofani umejuaje?"

"Nilikuwa mgongoni! Njia hii imechimbwa na nyayo za mama yangu!"

Chifu akachukua kalamu. "Miaka mingapi iliyopita?"

"Hamsini!" alifoka Chirongo, kisha akaziba mdomo.

Bi Mwanatumu akageuza kibao. Hakikuwa na neno hata moja. Akamnyooshea brashi ya rangi.

"Tuandike nani, mwanangu?"

Chirongo akainama.

"Nyamvula," alisema. "Nyamvula binti Mwero, muuza mihogo."