Doa la Tambuu

Hekaya hii aliisimulia kwanza bibi yetu Mwanaheri binti Shee, asubuhi ya arusi ya mwanawe wa kwanza, mwaka wa mvua iliyoangusha ukuta wa madrasa.

Alisema kwamba mji wa Kirunda ulitawaliwa na Sultani Ghanimu, na alikuwa na mwana, Mahfudhi, mzuri wa sura, mpenda tambuu, na mwenye kutema dirishani bila kuchungulia walio njiani. Ijumaa asubuhi, siku ya kumwoa Thureya binti wa Kadhi, alitema mate mekundu kutoka ghorofani, yakamwangukia mzee mmoja kwenye kanzu nyeupe. Na mzee alipotazama juu, Mahfudhi akacheka. Papo hapo kicheko kikamkatikia kooni, na sauti ikampotea.

Wakaitwa waganga, wakashindwa. Kadhi akaleta salamu kwamba hatamwoza binti yake kwa ishara za mtu ambaye jana alikuwa na ulimi, na sala ya Ijumaa ikipita, posa itarudishwa.

Kasuku wa mama yake Mahfudhi, aliyeona yote, akanena: "Uliyemtemea si mwanadamu, bwana. Ni jinni. Yuko kisimani, anafua."

Mahfudhi akateremka mbio, na watu wakamwona mwana wa sultani akipiga magoti mbele ya mzee, akimpokea kanzu na kuifua mwenyewe. Wanawake waliokuja kuteka maji wakamcheka, na mmoja akamwambia, "Sugua, bwana arusi, mkeo ana nguo nyingi." Akasugua hata vidole vikachubuka, na doa halikutoka. Adhana ilikuwa karibu. Basi akavua kanzu yake ya arusi, iliyodariziwa kwa hariri, akamvisha jinni, na yeye akavaa ile yenye doa, mbichi vilevile.

"Unataka sauti yako?" jinni akamuuliza.

Mahfudhi akatikisa kichwa kukataa, akaligusa doa, akainama.

"Haya, sema."

"Niwie radhi, mzee wangu."

Hata yeye alishtuka kujisikia.

"Nimekuwia radhi. Nenda, usimweke mtoto wa watu akingoja."

Akaingia msikitini akichuruzika maji, akakubali ndoa kwa sauti iliyofika barazani, na Kadhi akashusha pumzi, na Sultani akalia kwa furaha, akalisha mji mzima. Na tangu hapo Mahfudhi hakutema ila kwenye tasa.

Sultani amekufa, na Kadhi, na kasuku. Mahfudhi na Thureya walikufa wazee, wameona wajukuu. Aliye hai ni jinni peke yake, naye hupita njiani kama watu wengine.