Nyasi za Mama Gaudensia

“Nyasi zikilala, mahindi husimama.” Methali hii mmeisikia leo shambani, mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka kinywani mwa mke wangu Osmunda, na mjinga aliyemfanya aseme maneno hayo ni mimi. Ilianza hivi.

Hapa Umatengo tunalima ngoro. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza mteremkoni kwa mistari inayokatana. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba, akazifunika kwa udongo, zikaozea humo. Mimi nikaona huo ushamba. Mbolea ya dukani ipo, ya nini kuzika majani? Tukabishana hadi tukagawana mteremko, kila mtu na upande wake. Wangu nikauchoma moto, nikapiga matuta, nikamwaga mbolea. Upande wake akafyekewa na kaka yake. Aibu iliyoje, lakini mimi nilicheka!

Msimu ule mahindi yangu yalinipita kimo. Nikatembea kijijini nimevimba kama andazi. Osmunda naye alitia mbolea, kidogo tu, juu ya ngoro zake. Nikamcheka tena.

Miaka ikaenda. Mbolea niliongeza, magunia yakapungua. Udongo ukapauka, ukakaza kama sakafu. Mvua ikinyesha, inateremka na mbolea yangu hadi mtoni. Mwishowe mahindi yakaota ya njano, membamba kama fimbo za kuchungia mbuzi, upepo ukayaangusha. Chakula cha watoto wetu kikabaki upande wa Osmunda tu.

Mnadhani nilikoma? Thubutu! Siku ya ujima, mbele ya majirani waliokuja kutusaidia kulima, nikamgeukia Osmunda, nikadai nimepunjwa.

“Mama Gaudensia, wewe ulichukua udongo mzuri. Msimu ujao tubadilishane.”

Majirani wakaacha kulima, wakatutazama. Kila mtu alijua nikipewa upande ule nitauchoma, na watoto watalala njaa.

Osmunda hakupandisha sauti. Alichota konzi ya udongo kwake, mweusi, una unyevu. Akaja kwangu, akapiga jembe: ngaa! Likaruka.

“Mteremko ni mmoja,” akasema. “Tulipogawana, udongo ulikuwa huu mweusi kote.”

“Basi ni mbolea imeniponza!”

“Mbolea mbona hata mimi natia? Baba Gaudensia, kazi yako ilikuwa kulaza nyasi, ukalala wewe. Nyasi zikilala, mahindi husimama.”