Sahani ya Kwanza ya Mize

Hapo zamani, enzi ambazo halua ilitiwa katika vikapu vya ukindu, palikuwa na mji uliosifika kwa halua yake. Nyumba ya halua ilikuwa ya Bi Arafa. Ndani mlikuwa na majiko, na kila jiko lilikuwa na mwenyewe. Na mlikuwa na sheria mbili, kongwe kuliko Bi Arafa. Ya kwanza: aliyeanza kukoroga ndiye amalizaye, mkono wa pili ukigusa mwiko wako, huna jiko tena. Ya pili: jiko likilala baridi siku tatu, linakwenda kwa mwingine. Na hao wengine hawakuwa mbali. Walikaa mlangoni wakichambua lozi na kuponda hiliki, mikono kazini, macho kwenye majiko.

Jiko lililokuwa karibu na dirisha lilikuwa la Mize. Alilirithi kwa mama yake, pamoja na mwiko wa mama yake, uliolika upande mmoja.

Mize aliolewa na Faki, mkaanga samaki. Walikuwa bado hawajapata mtoto. Mara ya kwanza Mize aliposhika mimba alifurahi mno, akaisema kisimani, akaisema sokoni, na mwezi haujaandama tena, ikatoka. Basi ya pili ilipoingia aliapa: hii haisemwi mpaka ijiseme yenyewe. Aliijua mumewe, aliijua mkunga, basi.

Lakini mimba hii ilikuja na vita. Haikuwa ile kero ya asubuhi ambayo wanawake huichekea. Mize alitapika chakula, akatapika maji, akatapika nyongo, na nyongo ilipokwisha akatapika hewa. Na kila asubuhi jiko lilimngoja.

Akawasha moto. Akakoroga, akameza mate, akakoroga. Wanga aliuvumilia. Sukari aliivumilia. Lakini samli ilipoingia na mvuke wake ukapanda, ah! Alifunga kipande cha ndimu kwenye pindo la kanga, akakinusa, akakoroga, akakinusa, akakoroga. Chungu kikiiva tu, alitoka uani hadi nyuma ya mpapai, akainama.

Jirani yake wa jiko alikuwa Siwazuri, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili.

"We Mize, mbona uso umekuwa kama tui lililolala?"

"Jua tu, shoga."

"Jua? Humu ndani? Haya, jua."

Siwazuri hakuuliza tena. Akaanza kuimba kwa sauti kubwa kila Mize alipotoka uani, ili watu wa mlangoni wasisikie kinachotapikwa.

Nyumbani mambo hayakuwa afadhali. Faki aliporudi jioni, Mize aliziba pua.

"Usinisogelee, mume wangu."

"Nimeoga, Mize. Nimeoga mara mbili."

"Wewe umeoga. Samaki hakuoga."

Faki akacheka, kisha akaona machozi ya mkewe, akarudi nyuma hadi mlangoni. Kesho yake alimpa mdogo wake karai la kukaangia, akaenda kubeba mawe ya chokaa, kazi asiyoizoea, na mabega yakachubuka. Na kwa kuwa harufu ya samaki haikumtoka upesi, alichukua mkeka wake akalala kibarazani kama mgeni asiyejulikana anakotoka.

Mkunga alikuja, akaibana ngozi ya mkono wa Mize, ikabaki imesimama. Akasema: "Chakula atakuja kula. Maji yasipokaa tumboni, mtazika wawili."

Tangu hapo, kila alfajiri Faki alifua dafu, akakaa kizingitini, mkono ameunyoosha, pua ameielekeza nje ili pumzi yake isimfikie mkewe. Kijiko kimoja, wakasubiri. Kikikaa, kingine. Kikirudi, wakaanza upya.

"Faki, umechoka."

"Mimi? Dafu ndilo lililochoka."

Na kijiko kwa kijiko, Mize akapata nguvu ya kusimama, na kusimama kukamfikisha jikoni.

Ikaja siku ya halua ya harusi, harusi ya watu wakubwa. Majiko yote yalikuwa yanawaka. Chungu cha Mize kilifika pale ambapo halua huanza kubanduka pembeni na samli hutiwa kidogo kidogo. Hapo hakuna kupumzika. Ukiacha mwiko kwa kupiga chafya tu, inashika chini. Na hapo hapo macho ya Mize yakaingia giza. Akashika ukuta. Ndimu haikusaidia. Akauacha mwiko, akakimbilia uani.

Siwazuri akatazama kushoto, akatazama kulia. Wa mlangoni walikuwa wakigombana kuhusu lozi. Akaushika mwiko wa Mize kwa mkono wa kushoto, wake kwa mkono wa kulia, akakoroga vyungu viwili. Lakini mkono wa kushoto haujui kazi mpaka uangaliwe. Akautazama mkono wa kushoto, na chungu cha mkono wa kulia kikaanza kunuka.

Mize alirudi akifuta mdomo. Siwazuri akampokeza mwiko. Na Bi Arafa huyo, harufu ya kuungua imemwita.

"Nani?"

"Mimi," akasema Siwazuri. "Nilikuwa napiga domo."

"Unapiga domo juu ya halua ya harusi?"

"Ndivyo nilivyoumbwa, Bi Arafa."

Halua ya harusi kuungua haikuwa na msamaha. Siwazuri akavuliwa jiko mbele ya watu, akakalishwa mlangoni na kinu cha hiliki. Halua ya Mize ikatoka inang'aa, ikasifiwa harusini.

Jioni Mize alimfuata njiani. "Nitasema, dada. Kesho nitasema."

"Useme nini? Kwamba mkono wa pili uligusa mwiko wako? Uwe huna jiko na mimi sina, tufaidi nini? Sema, na mimi nitakukana mchana kweupe." Kisha akaligusa tumbo la Mize, kidogo tu, kwa ncha za vidole. "Huyu akae. Basi."

Asubuhi Bi Arafa alimwita Mize.

"Vikapu vimekwisha. Kaa uani, kule unakotoka upepo, unisukie vikapu."

"Na jiko langu, Bi Arafa?"

"Nani amekuuliza habari za jiko?"

Bi Arafa alikuwa na bega bovu. Miaka mingi hakushika mwiko. Hata nywele zake alisukwa na wajukuu. Lakini siku ile alikunja mikono ya gauni, akawasha jiko la Mize kwa mkono wake, akaanza chungu mwenyewe, akakimaliza mwenyewe. Kesho yake vivyo hivyo. Kesho kutwa vivyo hivyo. Mkono wa pili haukuingia chunguni, na jiko halikulala baridi.

Wa mlangoni wakanong'ona: "Makubwa! Mwenye nyumba kageuka kibarua."

"Nina hamu ya kukoroga," Bi Arafa akawajibu. "Au hamu nayo ina umri wake?"

Jioni alirudi kwake mkono ameufunga kwa kanga, na Mize, akisuka vikapu, akauona.

Miezi ikapita, Bi Arafa jikoni, Mize uani. Mimba ikajisema yenyewe. Kichefuchefu hakikuisha mpaka uchungu ulipoanza, na akazaliwa mtoto wa kike, mdogo kama mkate wa ufuta, lakini mwenye sauti.

Sasa, desturi ya nyumba ya halua ilikuwa hivi. Mama akitimiza arobaini hurudi jikoni kwake, hupika chungu kimoja, na sahani ya kwanza humpa mtu mmoja aliyembebea mzigo. Sahani hiyo haigawanywi. Anayeipokea ndiye ampaye mtoto jina. Mpaka siku hiyo mtoto huitwa Mgeni tu. Na anayeitoa hutaja sababu, mbele ya wote.

Jioni ya kuamkia siku hiyo watatu waliombebea mzigo walikutana kwa Mize, kumtazama mtoto.

Faki akasema: "Mimi nimeacha kazi niliyoijua, nimefukuzwa kitandani kwangu, na sikununa. Bila kijiko changu, nani angesimama jikoni? Nani angezaliwa?"

Bi Arafa akasema: "Mtoto angezaliwa, Faki, lakini mama yake angerudi wapi? Bega langu halitapona tena. Nilijua mimba hii kabla haijajisema, na sikumuuliza neno, nisije nikamlazimisha kusema uongo."

"Ulijua?" akauliza Siwazuri. "Basi siku ile ya harusi?"

"Ulikuwa na samli mikono yote miwili, mwanangu. Nilijua na hilo. Lakini ningekusamehe mbele ya watu, wangeuliza kwa nini, na wangemfikia Mize. Mimi najua kimya kimya. Likisemwa kwa sauti, sheria inanishika mkono hata mimi."

Siwazuri akamtazama mtoto. Mara hii ulimi haukuwa na pilipili.

"Usinipe mimi, Mize. Nikipewa itabidi utaje sababu, na ukiitaja jiko linakwenda. Mimi nimeshazoea kinu. Ila usije ukasema moyoni kwamba sikustahili."

Asubuhi Mize alipika. Alikoroga kwa mwiko wa mama yake, akatia samli, na mvuke ukampanda puani mtamu kama zamani. Akapakua sahani, akageuka. Faki amesimama kizingitini, mtoto begani. Bi Arafa ameketi, mkono mmoja ameulaza mapajani. Siwazuri anaponda hiliki, hainui kichwa. Na nyumba nzima inasubiri atamke jina la mtu na sababu yake.

Aliyemtia maji mwilini, aliyemlindia jiko, na aliyepoteza lake. Sahani ni moja, nanyi mliokaa hapa hamna jiko la kupoteza, basi msiogope kusema. Je, nani alistahili? Na kama mwiko ule ungekuwa wa mama yako, ungempa huyo huyo?