Aliyeshinda Mbio Naye Hunywa Maji

"Aliyeshinda mbio naye hunywa maji." Vijana waliisikia methali hiyo kwenye mahafali, mkuu wa shule alipoitamka. Wazee wote ukumbini wakacheka, wao wakabaki kutazamana. Waliporudi nyumbani wakamwuliza Mzee Mbwambo, mwalimu mstaafu, imetoka wapi.

"Ilizaliwa ofisini, wala si uwanjani," akasema mzee. "Methali hii ilianza hivi."

Katika milima ya Upare aliishi binti yatima aitwaye Naelijwa, pamoja na bibi yake Nakunda, mkulima wa tangawizi. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, Naelijwa alikuwa wa kwanza wilaya nzima. Chuo kimoja cha tiba kikamwandikia barua: kwa alama hizi, utasoma bila kulipa ada. Bibi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Majirani wakaja na mikungu ya ndizi, wakapika, wakala, wakacheza.

Wageni walipoondoka, Naelijwa aliisoma tena barua ile, taratibu. Ada ilikuwa imelipwa, ndiyo. Bweni, chakula, vitabu na koti la maabara havikutajwa. Mwaka ule mvua ilikuwa imeozesha tangawizi shambani. Kilichobaki cha maana cha kuuza ni ng'ombe mmoja, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomnunulia bibi dawa na chumvi. Naelijwa alijua bibi akiambiwa atamuuza bila kusita. Basi hakumwambia.

Chuo kilikuwa pia na mfuko wa kuwasaidia wasiojiweza, na fomu yake alikuwa nayo. Lakini kila aliposhika kalamu, aibu ilimshika yeye. Ameshapewa tuzo, akiomba na msaada, si watasema ana tamaa? Fomu ikabaki tupu.

Siku ya mwisho ya kuripoti walifika chuoni pamoja, bibi kajifunga kitenge kipya, anamsalimia kila apitaye. Ofisini walimkuta Bwana Kiondo, mshauri wa wanafunzi. Baada ya salamu, Naelijwa akaiweka barua mezani.

"Nimekuja kuirudisha," akasema, macho chini. "Mpeni mwingine."

Bibi aligutuka kama aliyekanyaga mwiba. "Unarudisha nini, mjukuu wangu?"

Ndipo yote yakamtoka: bweni, chakula, ng'ombe, na ile fomu tupu. "Nimeshapewa, bibi. Nikiomba tena nitaonekana mlafi."

Bibi akamgeukia Bwana Kiondo. "Baba, mimi sikusoma, naomba kuuliza. Huku kwenu, aliyeshinda mbio hunyimwa maji?"

Bwana Kiondo alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Hanyimwi, bibi. Hunywa kama wenzake."

Akavuta kiti karibu na binti. "Tuzo hutazama alama zako. Msaada hutazama hali ya nyumbani. Havigombani. Tunachukua gharama zote za mwaka, tunaondoa kilicholipwa na tuzo, tunaondoa na kile ambacho nyumbani mnakiweza. Pengo linalobaki ndilo tunalojaribu kuliziba. Ada yako mfuko hautailipa mara ya pili, kwa hiyo hujamnyang'anya mtu. Ila usifiche kitu. Iandike tuzo, na hali yenu iandike ilivyo."

"Na ng'ombe?" akauliza bibi.

"Mwandikeni. Lakini msimuuze."

Naelijwa akaijaza fomu palepale. Wiki ile ile majibu yakaja: bweni na chakula vimelipwa, na vitabu vya mwaka wa kwanza. Koti halikuwamo. Bibi alilinunua mwenyewe kwa tangawizi kavu aliyookoa, akalivaa kwanza yeye, akazunguka nalo kijiji kizima akicheza, ndipo akampelekea mjukuu wake.

Naelijwa akasoma, akamaliza, akawa tabibu. Bwana Kiondo naye kila mwaka aliwasimulia wanafunzi wapya swali la yule bibi, nao wakalipeleka makwao. Ndiyo maana hata leo, mtoto akifaulu Upare, watu humpongeza, kisha humwuliza: utakula nini, utalala wapi, umeshaomba? Na akiinamisha kichwa kwa haya, yeyote aliye karibu humwambia:

"Omba, mwanangu. Aliyeshinda mbio naye hunywa maji."